Besiboli Ina Daftari, Rede Haina: Matukio Adimu Yanavyopotea Njombe na Makambako

Kaa kijiweni pale Makambako, barabara ya Songea inapokutana na ile ya Dar kwenda Mbeya, halafu chokoza mada ya msimu wa 2017/18. Baada ya hapo kazi yako ni kusikiliza tu. Huo ndio msimu Njombe Mji ilicheza Ligi Kuu, Simba na Yanga zikapanda baridi mpaka Uwanja wa Sabasaba. Kwa mtu wa Makambako, Ligi Kuu ikawa mwendo wa kilomita kama 60 tu. Msimu ulipoisha, timu ikashuka daraja pamoja na Majimaji ya Songea.

Sasa uliza swali la pili: lile tukio la ajabu lilitokea dakika ya ngapi, na nani alikuwa golini? Hapo kijiwe kinagawanyika. Huyu anasema kipindi cha kwanza, yule anaapa ilikuwa mechi nyingine kabisa. Matokeo ya Ligi Kuu yapo, ila yaliyotokea katikati ya mechi yamebaki kwenye vichwa vya watu.

Kuna mchezo mmoja duniani ambao ubishi wa hivyo hauna nafasi: besiboli ya Marekani. Kule kila mpira unaorushwa unaandikwa. Mfano, kuna tukio ambalo mchezaji mmoja, bila msaada wa mwenzake, anawatoa wapinzani watatu kwa mpigo. Tangu 1909 limehesabiwa mara 15 tu kwenye ligi kubwa, la 15 likiwa mwaka 2009.

Linatokeaje? Besiboli ina vituo vinne, na timu inayopiga ikitolewa watu watatu, zamu yake imekwisha. Wapinzani wawili wamesimama, mmoja kituo cha kwanza, mwingine cha pili. Mpira unaporushwa tu, wote wanachomoka mbio. Mpigaji anaupiga na gongo lake, mlinzi anaudaka hewani: mpigaji ametoka. Aliyechomoka kituo cha pili alitakiwa kurudi, kachelewa, mlinzi anakanyaga kituo: wa pili huyo. Yule wa kituo cha kwanza anakuja mbio, breki hazishiki, anaguswa na mpira: wa tatu. Sekunde chache tu, biashara imekwisha. Mwaka 1920 beki mmoja wa Cleveland aliifanya kazi hiyo kwenye fainali za ligi, na mpaka leo hakuna mwingine aliyeifanya katika hatua hiyo.

Dada aliyekulia kwenye rede anaweza kusema, "Mbona haya tunayajua?" Na hajakosea sana. Kwenye rede warushaji wawili wanasimama huku na huku, wa katikati anakwepa, ukipigwa na mpira umetoka. Besiboli ya zamani ilikuwa na hiyo pia: mkimbiaji alitolewa kwa kurushiwa mpira mwilini. Mwaka 1845 klabu moja ya New York ikaandika sheria zake na kupiga marufuku jambo hilo. Umeona tofauti inapoanzia? Waliandika.

Baadaye karne hiyohiyo, mwandishi wa habari mmoja mzaliwa wa Uingereza akaendeleza namna ya kuweka mechi nzima kwenye jedwali dogo la gazeti: nani kapiga, nani kakimbia, nani katolewa. Ndiyo maana leo shabiki anaweza kukuambia kwamba katika mechi zaidi ya laki mbili, ni mara 24 tu mrushaji amewatoa wapinzani wote 27, mmoja baada ya mwingine, bila hata mmoja kufika kituo cha kwanza.

Lakini daftari nalo lina ukatili wake. Tarehe 2 Juni 2010, mjini Detroit, mrushaji mmoja kijana alikuwa ameshatoa watu 26. Bado mmoja. Mpigaji wa 27 akapiga mpira dhaifu, ukadakwa, ukapelekwa kituo cha kwanza, mrushaji mwenyewe akaupokea huku mguu wake uko juu ya kituo. Ametoka, kila mtu ameona. Mwamuzi akanyoosha mikono: hajatoka!

Yule kijana hakupiga kelele. Alitabasamu tu, akarudi kurusha, akamtoa aliyefuata, timu yake ikashinda 3-0. Mwamuzi alipoangalia marudio ya video akakiri mbele ya waandishi wa habari kwamba amekosea, akamwomba kijana msamaha. Kesho yake walikutana uwanjani, kijana akamkabidhi karatasi ya majina ya wachezaji, na mwamuzi akashindwa kuzuia machozi. Wakubwa wa ligi walikataa kubadilisha matokeo. Hesabu ikabaki bila yeye mpaka leo. Mwaka 2014 ligi ikapanua matumizi ya video ili makosa ya aina hiyo yarekebishwe palepale.

Kwa hiyo kuandikwa si lazima uandikwe vizuri. Ila hata aliyedhulumiwa kwenye daftari anakumbukwa, kwa sababu siku, saa na mpira wenyewe vinajulikana. Aliyefanya maajabu bila daftari hana hata pa kulalamikia.

Tanzania nayo besiboli ipo. Uwanja wake ulifunguliwa Dar, pale Azania Sekondari, mwaka 2018 kwa msaada wa Japani. Lakini hazina kubwa zaidi iko kwenye michezo ambayo tayari ni ya watu. Yule binti aliyebaki peke yake katikati ya rede, wenzake wote wametoka, akakwepa mpaka akajaza chupa mchanga na kuwarudisha wote mchezoni, kengele ya shule ikagonga. Yule kipa wa ndondo aliyefunga kwa kupiga mpira kutoka golini kwake. Majina yao yako wapi?

Daftari la mistari halina bei kubwa. Kama ulikuwepo Sabasaba, au kwenye kiwanja chochote cha vumbi Makambako, weka hapo chini: siku, timu, dakika, na jina la aliyefanya. Anza na la yule binti.