Majivu, Karafuu na Mkate Usiosubiri Hamira

Tarehe 31 Julai 1790, Rais George Washington alitia saini hataza ya kwanza kutolewa na serikali changa ya Marekani. Mwenye hataza aliitwa Samuel Hopkins, na alichobuni ni njia bora zaidi ya kupata chumvi kutokana na majivu ya kuni. Chumvi hiyo ilitafutwa sana na watengenezaji wa sabuni na wa vioo. Haikupita miaka kumi ikawa imeingia jikoni, na huko ndiko ilikofanya kazi ambayo mimi naiona kubwa kuliko zote: ilimpunguzia mwanamke saa nyingi za kusimama mbele ya meko.

Kila mwaka majira ya majani kupukutika yanapoingia Amerika Kaskazini, wakati sisi huku tunazisubiri mvua za vuli, nyumba za huko hunukia mdalasini na karafuu. Watu huoka mkate mtamu wa boga, wa ndizi na wa tangawizi, pamoja na keki za trei zinazokatwa vipande vya mraba zikishapoa. Ni mapishi mepesi: bakuli moja, mwiko mmoja, oveni, na baada ya saa moja hivi chai iko mezani. Lakini wepesi huo una historia ndefu, na sehemu ya historia hiyo imepitia Unguja na Pemba.

Zamani mkate wa kuumuka ulitaka subira. Mama wa nyumbani aliomba povu la pombe kwa mpikaji wa jirani, au alihifadhi donge la unga wa jana, akakanda jioni na kuoka kesho yake. Usiku ukiwa wa baridi kali, hamira ililala na unga haukuumuka. Keki nazo zilitegemea mayai yaliyopigwa kwa mkono mpaka yajae hewa, na vitabu vya mapishi vya karne ya 18 vilimtaka mpishi apige kwa muda unaofika hata saa nzima. Mwenye watumishi aliweza. Asiye nao alikuwa na ng'ombe wa kukamua na watoto wa kuwaogesha.

Majivu yalikuwepo tele, kwa sababu walowezi walikuwa wakifyeka misitu na kuichoma ili wapate mashamba. Waliyajaza kwenye pipa lililotobolewa chini na kutandikwa nyasi kavu, wakamimina maji juu, na chini yakadondoka maji ya kahawia yenye kuchoma ngozi. Maji hayo yalichemshwa kwenye sufuria kubwa ya chuma hadi yakauke na kubaki magamba meusi. Magamba yakiingizwa tena katika tanuri lenye moto mkali, weusi uliungua wote na kikabaki kitu cheupe chenye rangi ya lulu. Kijiko kidogo cha unga huo kikikutana na maziwa ya mgando au molasi, vyote viwili vikiwa na uchachu, gesi ya kaboni dayoksaidi hutoka papo hapo. Viputo hujaa kwenye rojo la unga, na joto la oveni huvifungia humo. Mkate unakuwa umeumuka bila kungoja usiku upite.

Kitabu cha kwanza kinachojulikana kuyachapisha mapishi ya namna hiyo ni American Cookery, kilichotolewa Hartford, Connecticut, mwaka 1796. Mwandishi wake, Amelia Simmons, alijitambulisha kwenye jalada kuwa ni yatima wa Kimarekani, na zaidi ya hapo maisha yake hayajulikani sana. Chumvi ya majivu imo katika mapishi yake ya biskuti na ya mkate wa tangawizi. Boga pia limo, kwa njia mbili: moja kwa krimu, mayai tisa, basbasi, kungumanga na tangawizi, nyingine kwa maziwa na molasi, kwa wasio na uwezo mkubwa. Boga lenyewe ni zao la wenyeji wa bara hilo. Katika mapango ya Oaxaca, Mexico, zimepatikana mbegu za maboga ya kupandwa zenye umri wa takriban miaka 10,000. Waliolilea zao hilo kizazi hata kizazi ndio hao hao walionyang'anywa ardhi, na msomaji wa mapishi ya boga anapaswa kulijua hilo.

Chumvi ya majivu ilikuwa na kasoro zake. Ikizidi, mkate ulikuwa na ladha ya sabuni. Mwaka 1846 John Dwight na Austin Church walianza kuuza soda ya kuokea kwa pakiti huko New York. Ni jamaa wa karibu wa magadi yetu, yale yanayochotwa Ziwa Magadi na Ziwa Natron na kutiwa kwenye maharage ili yaive upesi. Miaka mitatu kabla yao, Alfred Bird, mkemia wa Birmingham, Uingereza, alikuwa amechanganya soda na asidi kavu katika unga mmoja, kwa sababu mke wake Elizabeth hakuweza kula kitu chenye hamira. Hiyo ndiyo beking pauda. Mwaka 1856 Eben Horsford, profesa wa Harvard, alipata hataza ya asidi ya fosfati aliyoitoa kwenye mifupa, na kiwanda chake cha Rhode Island kikaipeleka beking pauda katika maelfu ya nyumba.

Biashara ilipokuwa kubwa, fitina zikafuata. Kampuni moja ilitumia asidi iliyokwanguliwa ndani ya mapipa ya mvinyo ya Ulaya, ghali lakini yenye sifa. Wapinzani wake walitumia shabu, ya bei rahisi. Katika jimbo la Missouri ilitungwa sheria mwaka 1899 kupiga marufuku beking pauda yenye shabu, kwa madai kwamba inadhuru afya. Baadaye ikabainika kwamba wabunge walihongwa ili waipitishe. Naibu gavana John Lee alijiuzulu mwaka 1903, na miaka miwili baadaye sheria ikafutwa. Kijiko kimoja cha unga mweupe kiliweza kumwangusha naibu gavana mzima.

Sasa niseme habari ya karafuu, maana hapa ndipo sisi tunapoingia. Tarehe 21 Septemba 1833, Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Zanzibar, na mjumbe wa Marekani, Edmund Roberts, walitia saini mkataba wa biashara. Mwaka 1837 konseli wa kwanza wa Marekani, Richard Waters, alifika Zanzibar akitokea Salem, Massachusetts. Meli za Salem zilileta kitambaa cha merikani na bunduki, zikarudi na pembe za ndovu, sandarusi, ngozi na karafuu. Tarehe 30 Aprili 1840, Sultana, meli ya Sayyid Said mwenyewe, ilitia nanga New York ikiongozwa na Ahmad bin Na'aman, nayo ilikuwa na karafuu miongoni mwa shehena yake. Wakati huo Zanzibar ilikuwa njiani kuwa muuzaji mkubwa wa karafuu duniani. Kimbunga cha 1872 kiliing'oa mikarafuu mingi ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba mzigo.

Waliopanda na kuchuma karafuu hizo walikuwa watumwa walioletwa kutoka bara. Walikwea mikarafuu, wakavuta matawi, wakachuma matumba kabla hayajafunguka kuwa maua, kisha wakayaanika juani siku kadhaa hadi yakawa mekundu-kahawia. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na hadhi ya utumwa kisheria ikafutwa mwaka 1897. Molasi iliyoupa mkate wa tangawizi utamu nayo ilitoka kwenye mashamba ya miwa ya Karibi, yaliyolimwa na watumwa wa asili ya Afrika. Kwa hiyo kipande kimoja cha mkate wa tangawizi mezani Boston, katika miaka ya 1840, kiliweza kuunganisha jasho la Waafrika wa bahari mbili.

Huko huko Boston, mwaka 1896, mwalimu wa mapishi Fannie Farmer alichapisha kitabu chake cha mapishi akisisitiza kikombe na kijiko vilivyosawazishwa kwa kisu. Mchapishaji hakuwa na imani nacho, akamtaka agharimie mwenyewe nakala 3,000 za kwanza. Ndani yake kulikuwa na keki ndogo zilizoitwa brownies, zikiwa na molasi bila chokoleti. Toleo la 1906 ndilo lililoleta za chokoleti. Kabla ya Farmer, mara nyingi mpishi aliambiwa atie unga wa kutosha. Baada yake hata msichana aliyepanga chumba mjini, mbali na mama yake, angeweza kuoka.

Mkate wa ndizi ulikuja baadaye. Katika Maonyesho ya Philadelphia ya 1876 ndizi iliuzwa moja moja kama kitu cha ajabu. Kufikia 1933, wakati wa Mdororo Mkuu, kampuni ya unga ya Pillsbury ilikuwa imeweka mkate wa ndizi katika kitabu chake cha mapishi. Fedha zilikuwa haba, na ndizi iliyopiga weusi ganda lake haikutupwa tena. Ndiyo inayofaa hasa, kwa kuwa wanga wake umekwisha kugeuka sukari. Boga nalo liliingia kwenye makopo: mji mdogo wa Morton, jimbo la Illinois, una kiwanda cha kampuni ya Libby's tangu 1929, na boga kubwa la rangi ya mchanga linalopondwa humo halifanani hata kidogo na yale ya rangi ya machungwa yanayochongwa sura za kutisha mwezi Oktoba.

Huku kwetu tuna mkate wa kumimina: mchele ulioloweshwa na kusagwa, tui la nazi, sukari, hamira na iliki, ukapikwa kwa moto wa chini na makaa ya juu. Una ufundi wa kutosha kuandikiwa historia kama hii, lakini kwa sehemu kubwa umerithishwa kwa mdomo. Simmons alikuwa yatima asiye na cheo, na bado tunamtaja baada ya miaka zaidi ya 200 kwa sababu aliandika. Ewe msomaji, kama nyumbani kwenu yupo bibi au shangazi anayeumimina mkate huo kwa macho tu, kaa naye jikoni na daftari. Pima kila anachotia, andika jina lake, kijiji chake na mwaka.