Damu ya Tariq, na wazee wawili waliokutana



Leo tunakikumbuka kisa cha San Diego, Marekani. Tarehe 21 Januari 1995, Tariq Khamisa, mwanafunzi wa chuo kikuu wa miaka 20, alikwenda kupeleka piza, kazi iliyomsaidia kujikimu. Kundi la vijana lilitaka kula bila ya kulipa. Kiongozi wao wa miaka 18 akaamuru, na Tony Hicks, wa miaka 14, akafyatua risasi. Mchumba wa Tariq, aliyekuwa akingojea harusi, akabaki na msiba.

Sheria mpya ya California, iliyoanza mwezi huohuo, iliruhusu mtoto wa miaka 14 kushitakiwa kama mtu mzima. Tony alikiri kosa, akahukumiwa miaka 25 hadi maisha.

Baba yake Tariq, Azim Khamisa, Muislamu aliyezaliwa Kenya, aliona kuwa risasi ile moja imepoteza watoto wawili. Mwaka huohuo alianzisha taasisi kwa jina la mwanawe, akamwita Ples Felix, babu na mlezi wa Tony. Wakaingia maskulini pamoja kuwaonya watoto na magenge.

Msamaha haukufuta hukumu. Tony alitoka 2019, na Azim mwenyewe aliunga mkono aachiwe.

Suratu Shura, aya ya 40, inaruhusu malipo ya ubaya kwa kadiri yake, kisha inamuahidi ujira kwa Mola anayesamehe na kusuluhisha. Nasi tunaoanza nyumba mpya, tujue mapema wanetu wanatembea na nani, na mtoto wa jirani aliyepotea tusimtupe.