Wayahudi na hadithi za picha: nani alishika kalamu?

Wakristu wengi wa vijiji vya Kongolo wanalijua jina la Wayahudi kwa kusikia Injili tu. Wanafikiri kwamba hilo ni taifa la zamani, lililokwisha pamoja na Herode na Pilato. Tena wanawaona katika masanamu ya katekisimu na ya Njia ya Msalaba. Mara nyingi Yuda Iskariote anachorwa na pua ndefu na macho ya hila, Wafarisayo wanachorwa na sura ya hasira, lakini Bwana Yesu, Bikira Maria na Mtakatifu Petro wanafanana na Wazungu wa Ulaya. Mtoto anayetazama hawezi kutambua kwamba wote hao, wabaya na watakatifu, walikuwa watu wa taifa moja. Sanamu imemfundisha jambo ambalo katekista hakulisema.

Kwa sababu hiyo tunataka kutazama pamoja historia iliyo karibu nasi: namna Wayahudi walivyochorwa katika hadithi za picha, ambazo kwa kifaransa tunaziita bande dessinée, na namna wao wenyewe walivyoshika kalamu kusudi wajichore. Historia hiyo inatugusa sisi Wakongomani kuliko tunavyofikiri.

1. Jirani zetu wa Katanga

Kwanza tukumbuke kwamba Wayahudi waliishi kati yetu. Toka mwanzo wa karne ya 20, Wayahudi wa kisiwa cha Rhodes walianza kuja Katanga, wengi kwa njia ya Afrika ya Kusini na Rhodesia. Mababu zao walifukuzwa Hispania mwaka 1492, na ugenini walilinda lugha yao, kispanyola cha zamani. Pale Elisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo, walifanya biashara, wakajenga sinagogi, na toka mwaka 1937 walikuwa na rabi Moïse Levy, aliyewaongoza zaidi ya miaka 50. Leo wamebaki wachache sana.

Wale waliokuja Kongo waliokoka. Wale waliobaki kisiwani hawakuokoka. Mwezi wa Julai 1944 Wajerumani waliwakusanya, watu zaidi ya 1,600, wazee na watoto wachanga, wakawapakia katika mashua, kisha katika treni, mpaka kambi ya Auschwitz. Waliobaki hai walikuwa 150 hivi. Basi katika Katanga yetu kulikuwa nyumba zilizolilia wazazi na ndugu wasiokuwa na kaburi. Wakristu wangapi walijua?

2. Mkono mmoja, dharau mbili

Mauaji kama yale hayaanzi siku ya kupakia watu katika treni. Yanaanza mbele, katika maneno na katika vicheko. Hapo ndipo picha inafanya kazi yake.

Mjini Brussels kulikuwa gazeti la wakatoliki, Le Vingtième Siècle, lililoongozwa na padri Norbert Wallez. Gazeti hilo lilikuwa na kurasa za watoto, Le Petit Vingtième, na humo, tarehe 10 Januari 1929, kijana Georges Remi, aliyejiita Hergé, alianza kuchora safari za Tintin. Miaka 1930 na 1931 alimpeleka Tintin Kongo. Hergé hakufika Kongo hata siku moja. Alichora Wakongomani wenye midomo minene, wasiojua kusema sawasawa, waoga na wavivu, ambao mwishoni wanamwabudu Mzungu kijana na mbwa wake kama sanamu za miungu. Watoto wa Ubelgiji walicheka, na wengine kati yao walikua wakaja huku kutuamuru. Mwaka 1946 mchoraji alipokichora kitabu upya, aliondoa somo ambamo Tintin anawafundisha watoto weusi kwamba inchi yao ni Ubelgiji, akaweka hesabu pahali pake. Lakini sura za watu hakuzibadili.

Miaka kumi hivi baada ya safari ile ya Kongo, Wajerumani walikuwa wameiteka Ubelgiji. Hergé alichora hadithi ingine, L'Étoile mystérieuse, katika gazeti Le Soir lililokuwa chini ya usimamizi wao, toka Oktoba 1941 mpaka Mei 1942. Humo alichora Wayahudi wawili wanaofurahi kusikia kwamba dunia inakwisha, kwa maana hawatalipa tena madeni yao. Adui mkubwa wa hadithi ni tajiri wa benki, jina lake Blumenstein, mwenye pua kubwa. Hadithi ilipofanywa kitabu wale wawili waliondolewa, na baada ya vita hata jina la tajiri lilibadilishwa. Lakini tutazame tarehe. Mwisho wa Mei 1942 Wayahudi wa Ubelgiji waliamriwa kushona nyota ya njano juu ya nguo zao. Tarehe 4 Agosti 1942 treni ya kwanza iliondoka mjini Mechelen kuelekea Auschwitz. Zaidi ya Wayahudi 25,000 walipelekwa kwa njia ile.

Hatusemi kwamba mchoraji aliwaua. Tunasema kwamba msomaji aliyezoea kumcheka mtu fulani ni mwepesi wa kunyamaza mtu huyo anapochukuliwa. Na tuone vizuri: mkono uliomchora Mkongomani kama mtoto mjinga ndio uliomchora Myahudi kama mwizi.

3. Waliojificha nyuma ya shujaa

Wakati ule ule, katika Marekani, watoto wa Wayahudi waliohama Ulaya walikuwa wanafanya kazi katika hadithi za picha. Kazi hiyo ilidharauliwa. Kwa hiyo mlango wake ulikuwa wazi kwa watu waliofungiwa milango mingine. Mwaka 1938 vijana wawili wa Cleveland, Jerry Siegel na Joe Shuster, walitoa Superman, mgeni aliyetoka mbali, mwenye majina mawili, anayeficha nguvu yake chini ya sura ya mtu mpole. Haki ya hadithi ile waliiuza kwa dola 130 tu. Mwezi wa Aprili 1940, Das Schwarze Korps, gazeti la askari wa SS wa Hitler, lilimtukana Siegel kwa sababu ya uyahudi wake. Joe Simon na Jack Kirby walichora Captain America akimpiga Hitler ngumi usoni. Kitabu hicho kina tarehe ya Machi 1941, wakati Marekani ilikuwa haijaingia vitani.

Lakini mashujaa hao hawakuitwa Wayahudi. Hata wachoraji walificha majina. Jack Kirby alizaliwa Jacob Kurtzberg; Stan Lee alizaliwa Stanley Lieber. Sisi tunalijua jambo la majina. Mwaka 1972 serikali ya Mobutu ilitukataza kutumia majina yetu ya ubatizo. Sisi tuliamriwa; wale walibadili majina kusudi wapate kazi pasipo kudharauliwa. Ni mambo mawili mbalimbali, lakini yote mawili yanaonyesha kwamba jina la mtu si jambo dogo.

4. Waliosema waziwazi

Mmoja alisema waziwazi ndani ya kifungo chenyewe. Horst Rosenthal, Myahudi wa Ujerumani, alifungwa katika kambi ya Gurs, kusini ya Ufaransa. Mwaka 1942 alichora kijitabu ambamo Mickey, yule panya mdogo anayejulikana na watoto wa dunia yote, anakamatwa na kutiwa kambini kwa sababu hana karatasi zake. Ni kitabu cha kuchekesha, tena cha kuumiza moyo. Mwezi wa Septemba 1942 Rosenthal alipelekwa Auschwitz, akafa huko. Kijitabu chake kimebaki.

Kisha kulikuwa kimya cha miaka mingi. Mwaka 1955 Bernard Krigstein alichora hadithi fupi ya kurasa nane, Master Race, juu ya mtu aliyekuwa mkubwa wa kambi ya mauaji; lakini wachache waliiangalia. Kitabu kilichofungua mlango wazi ni Maus cha Art Spiegelman, ambacho sehemu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1986 na ya pili mwaka 1991. Mwaka 1992 kilipewa heshima ya Pulitzer, ambayo mpaka siku ile hakuna kitabu cha namna hiyo kilichokuwa kimekwisha kuipata.

Spiegelman ni mtoto wa Vladek na Anja, Wayahudi wa Poland waliotoka hai katika Auschwitz. Alikaa na baba yake mzee, akamwuliza, akaandika, akachora. Wanazi walikuwa wamewaita Wayahudi panya na wadudu wa kuangamizwa; Spiegelman aliwachora Wayahudi kama panya na Wajerumani kama paka. Alilichukua tusi lenyewe, akalijaza machozi na akili za watu, mpaka msomaji anaona aibu.

Jambo moja la kitabu hicho linatuhusu sisi zaidi. Mke wa Spiegelman anasimamisha motokari kumpandisha mtu mweusi anayeomba msaada njiani. Mzee Vladek anakasirika kabisa, anamhesabu mtu yule kuwa mwizi. Mke wa mwanawe anashangaa: wewe uliyeteswa kwa ajili ya taifa lako, unasema namna hii? Mzee hageuki. Mwana angeweza kuficha jambo hilo kwa kumpa baba heshima. Hakulificha. Kwa kufanya vile alitupa ukweli mgumu: mateso peke yake hayamfanyi mtu kuwa mwema. Will Eisner naye, Myahudi na mwalimu wa wachoraji wengi, alichora miaka ya 1940 mtoto mweusi Ebony White, mwenye midomo na maneno yale yale ya dharau. Uzeeni, mwaka 2003, alipotoa kitabu cha kumtetea Fagin, Myahudi aliyechafuliwa katika hadithi ya Charles Dickens, alizungumza pia juu ya Ebony katika maneno yake ya mwanzo.

Mwaka 2006 Joann Sfar, Mfaransa ambaye baba yake ni Myahudi wa Algeria, alitoa kitabu cha tano cha Le Chat du rabbin. Humo rabi, paka wake na wenzao wanavuka Afrika kutafuta mji wa Wayahudi weusi. Katika Kongo wanakutana na kijana Mbelgiji, mwandishi wa gazeti, mwenye mbwa mweupe, anayejua kila kitu na hasikilizi mtu. Kila msomaji anamtambua. Safari hii ni Myahudi anayemchora Tintin.

5. Sisi tufanye nini?

Wengine watasema kwamba hadithi za picha ni mchezo wa watoto, hazifai kwa mambo ya vifo. Mwezi wa Januari 2022 halmashauri moja ya masomo katika Tennessee, Marekani, iliondoa Maus katika masomo ya vijana kwa sababu ya maneno machafu machache na picha ya uchi. Sisi tunaona kwamba hatari kubwa ni ingine. Picha za dharau zilipita mikononi mwa watoto bila kuzuiwa na mtu, na zilipita katika gazeti letu wakatoliki. Kanisa lilikiri njia nzuri katika Mtaguso wa Vatikano II: Nostra Aetate, ya tarehe 28 Oktoba 1965, inafundisha kwamba kifo cha Bwana hakiwezi kuhesabiwa juu ya Wayahudi wote wa siku zile, wala juu ya wale wa siku zetu. Wakatekista wanaoonyesha masanamu ya Mateso waseme hilo kwa sauti, tena waseme kwamba Maria na Mitume walikuwa Wayahudi.

Tena tusitazame mbali tu. Katika jimbo letu la Tanganyika, toka mwaka 2013, na tena toka 2016, Baluba na Batwa waliuana pale Nyunzu, Kabalo na Manono. Kila mmoja wetu anajua masimulizi ya kuwacheka Batwa aliyoyasikia utotoni. Hayo pia ni picha, ingawa hayakuchorwa kwa wino. Mseminari anayeyarudilia mezani kwa kuchekesha wenzake, ajiulize anaandaa nini.

Na kazi ya kukumbuka inatungoja. Tarehe 1 Januari 1962 mapadri na mafrateri 20 wa Shirika la Roho Mtakatifu waliuawa hapa Kongolo na askari. Padri Jules Darmont peke yake aliokoka, akashuhudia. Waseminari vijana waliona pia. Wale waliokuwa vijana siku ile ni wazee sasa. Spiegelman alikaa na baba yake wakati ulikuwa ungalipo. Mwenye babu ao jirani aliyeona, akae naye, aulize, aandike. Na anayejua kuchora, achore. Asifiche makosa ya watu wake, wala asimnyime adui sura ya mtu.