Pampu Iliyosingiziwa kwenye Barabara ya Cyangugu

Wilaya ya Rusizi, iliyokuwa sehemu ya mkoa wa Cyangugu hadi mipaka ya utawala ilipochorwa upya mwaka 2006, ndiyo yenye mahali pa chini kuliko pote Rwanda: bonde la Bugarama, ambako mto Rusizi unapita kwenye kimo cha mita 950 hivi. Ziwa Kivu, chini ya mji wa Kamembe, liko mita 1,460. Dereva anayetoka hapo kwenda Huye kwa njia ya moja kwa moja huvuka msitu wa Nyungwe, na barabara hiyo inapanda kupita mita 2,400. Ninavitaja vimo hivi mapema kwa sababu historia ya ufundi wa magari upande huu wa nchi haieleweki bila mlima. Gari likizima msituni kwa petroli kutofika kwenye injini, pampu ndiyo hushukiwa kwanza. Hoja yangu ni kwamba kwenye barabara kama hii ni rahisi sana kuibebesha pampu kosa la joto, hewa, uchafu au waya, na kwamba ufundi wa zamani ulikuwa na njia ya kuliona hilo ambayo bado inafaa.

Tuanze na magari ya kabureta, kama Peugeot 404 iliyoanza kuundwa mwaka 1960 na 504 iliyoifuata mwaka 1968. Pampu ilifungwa ubavuni mwa injini, ikiendeshwa na kamshafti. Kiwambo chake kilipanda na kushuka, kikivuta petroli kutoka kwenye tangi lililo nyuma kabisa. Kuvuta huko kunategemea mgandamizo wa hewa, na kwenye mita 2,400 mgandamizo huo umepungua kwa karibu robo ukilinganisha na pwani. Petroli nayo huchemka kwa joto dogo zaidi. Injini iliyopanda muda mrefu kwa gia ndogo huigeuza kuwa mvuke ndani ya paipu, na pampu nzima kabisa inabaki ikisukuma mvuke. Gari likipoa, linawaka. Kiwambo kilichopasuka hakiponi kwa kupumzishwa, na hilo pekee lilitosha kumfanya fundi makini atazame kwingine. Kulikuwa pia na kifuniko cha tangi: tundu lake la kupumulia likizibwa na vumbi, petroli haivutiki, na ukikifungua unasikia hewa ikiingia kwa nguvu. Hayo yakishaondolewa ndipo mpira ulichomolewa kwenye kabureta, ukatiwa ndani ya chupa, starta ikapigwa. Petroli ikiruka kwa mapigo yenye nguvu, pampu haina hatia. Ikikosekana, kijiti cha oili huchomolewa na kunuswa, kwani oili iliyopanda na kunuka petroli inaonyesha kiwambo kimepasuka na kuvujia ndani ya injini.

Injekta zilileta pampu ya umeme, na kwenye magari mengi ikazamishwa ndani ya tangi lenyewe. Udhaifu wa mlimani ukapungua, maana petroli inayosukumwa kwa presha ya bar 2.5 hadi 3 haichemki kirahisi kama ile inayovutwa. Lakini dalili ziligeuka. Mota iliyochakaa huweza kukata ikipata moto na kurudi ikipoa, na rilei mbovu hufanya vilevile. Kwa hiyo gari kuwaka baada ya kupoa hakuitetei tena pampu. Wapo watakaosema ujuzi wa kale uliishia hapo. Sikubaliani nao: ushahidi umebadilika, utaratibu wa kuutafuta haujabadilika. Toyota nyingi za miaka ya 1990 zina kisanduku kidogo cha plastiki karibu na injini, chenye matundu yaliyoandikwa FP na +B. Ukiyaunganisha kwa kipande cha waya, swichi ikiwa imewashwa, pampu inapata umeme na unaisikia ikiunguruma kwenye mdomo wa tangi. Anayewasha swichi tu, asisikie kitu, akaihukumu pampu, amefanya haraka, kwa kuwa baadhi ya Toyota hizo hazipeleki umeme kwenye pampu mpaka starta izungushe injini. Na mngurumo nao hautoshi: pampu iliyochoka huunguruma bila kufikisha presha.

Pingamizi zito zaidi ni la matokeo. Pampu ilibadilishwa, gari likawaka, maneno ya nini? Kubadilisha pampu ya ndani ya tangi ni kuchomoa na kurudisha waya wenye kutu, kumwaga uchafu, kuweka chujio jipya na kuliacha gari lipoe. Yote yametendeka kwa pamoja, sifa ikapewa pampu. Kama kosa lilikuwa kwenye waya, litarudi Nyungwe, mbali na gereji, na pesa ya pampu imekwisha kulipwa. Mashine ya kusoma kompyuta nayo haiokoi jahazi, maana magari haya hayana kihisi cha presha ya petroli. Itasema tu mchanganyiko una petroli kidogo, jambo linaloweza kuletwa na filta, injekta au hewa inayovuja. Geji iliyofungwa kwenye paipu, gari likipanda kutoka Gisakura, ukingoni mwa Nyungwe, na dalili zake zote, hutoa jibu kabla nati moja ya tangi haijalegezwa.