Flamanville: Kinu cha nyuklia kilichochelewa miaka 12

KINU cha tatu cha nyuklia cha Flamanville, katika pwani ya Normandy nchini Ufaransa, hutajwa kila unapozuka mjadala kuhusu gharama na usalama wa umeme wa nyuklia.

Shirika la umeme la nchi hiyo, EDF, lilianza kumwaga zege Desemba 2007, likiahidi kukamilisha kazi mwaka 2012 kwa euro bilioni 3.3. Kinu hicho, chenye uwezo wa takriban megawati 1,600, kiliunganishwa na gridi ya taifa Desemba 21, 2024. EDF ilitaja gharama ya ujenzi kuwa euro bilioni 13.2. Wakaguzi wa hesabu za serikali, waliojumuisha pia riba za mikopo, walikwishafikisha zaidi ya euro bilioni 19 mwaka 2020.

Fedha, hata hivyo, ndilo jambo jepesi kulieleza. Zito zaidi ni la tangi la chuma linalobeba fueli ya urani. Tangi hilo halitakiwi kupasuka kamwe, kwa kuwa kinu hakikusanifiwa kustahimili ajali ya namna hiyo. Liliwekwa mahali pake Januari 2014. Aprili 2015, mamlaka ya usalama wa nyuklia, ASN, ikatangaza kuwa chuma cha kifuniko na cha kitako chake kina kaboni kupita kiasi, kasoro inayopunguza uwezo wake wa kuzuia ufa usienee.

Kuling'oa kungemaanisha kuvunja kazi ya miaka. Baada ya vipimo vingi, mwaka 2017 ASN iliruhusu litumike, ila kifuniko kibadilishwe kabla ya mwaka 2024 kwisha. Mwaka 2023 hata sharti hilo lililegezwa, hadi kinu kitakapozimwa kwa mara ya kwanza kuwekewa fueli mpya. Ni vigumu kwa mkaguzi kusema hapana wakati mali imekwisha kufungwa.

Haina maana kwamba ASN haikuwa na meno. Mwaka 2019, EDF ilipotaka kuahirisha ukarabati wa maungio manane ya mabomba ya mvuke yaliyochomelewa vibaya, ilikataliwa, na ucheleweshaji ukaongezeka.

Januari 1, 2025, ASN iliunganishwa na IRSN, taasisi ya wataalamu iliyokuwa ikiishauri. Serikali ilisema hatua hiyo ingeharakisha maamuzi, huku vinu vipya sita vikipangwa kujengwa. Vyama vya wafanyakazi wa IRSN vilipinga, vikihofia kuwa anayechunguza na anayeamua sasa watakuwa chini ya paa moja.