Husky Moi's Bridge: Kabla Uniulize Bei, Sikiza Historia

Inboksi yangu imejaa swali moja tu: "Buda, hao husky ni pesa ngapi?" Hakuna salamu, hakuna "habari ya Moi's Bridge". Bei tu. Nitakujibu, lakini ngoja nikurudishe nyuma kidogo, juu nishawahi kuuza bila kuuliza maswali na nikajuta.

Tuanzie hapa nyumbani. Mji wetu ulikuwa unaitwa Hoey's Bridge, jina la Cecil Hoey, mwindaji na mlowezi aliyejenga daraja juu ya Mto Nzoia. Mwaka wa 1905 Wanandi walikuwa wamempoteza Koitalel arap Samoei, aliyeuawa na afisa wa Kiingereza, Richard Meinertzhagen. Miaka 3 tu baadaye, 1908, Makaburu wakiongozwa na Jansen van Rensburg wakapanda uwanda wa Uasin Gishu na magari ya kukokotwa na ng'ombe. Serikali ya kikoloni ikawapa mashamba. Ndio maana wazee bado wanaita Eldoret "Sisibo": ilianzia kwenye shamba nambari 64.

Sasa, shamba kubwa linataka mlinzi. Kukhu alizaliwa kwenye kambi ya wafanyakazi wa shamba moja huku. Siku nilipoleta husky wangu wa kwanza nyumbani, hakucheka. Alisimama mbali akauliza, "Huyu ni mbwa wa mzungu?" Akaniambia walipokuwa watoto walizunguka njia ndefu kwenda mtoni, kwa sababu njia fupi ilipita kwa geti la bwana shamba, na mbwa wa pale walijua nani wa kubwekea.

Fikiria hiyo kibao ya "Mbwa Kali" unayoona kwa mageti kila estate. Kwa kukhu hiyo si mapambo. Mbwa wa mlowezi alikuwa ua lenye meno. Uhuru ukaja, daraja likapewa jina la Moi, mashamba yakagawanywa, lakini wazo likabaki: mbwa wa maana ni yule wa jina la kigeni, na kazi yake ni kutisha watu. Mbwa wetu wa kawaida, aliyelala nje na ng'ombe miaka yote, tukamwita koko.

Na hapo ndipo husky anatuchanganya. Hakutoka kwa geti la mtu yeyote. Alilelewa na Wachukchi, watu wa kaskazini mashariki mwa Siberia, avute mizigo myepesi masafa marefu kwenye theluji. Aliishi na familia, watoto wakicheza naye. Mwaka wa 1908 mfanyabiashara wa manyoya kutoka Urusi, William Goosak, alipeleka kundi lao Nome, Alaska, washindane mbio za 1909. Watu wakawacheka kwa udogo wao. Mwaka uliofuata, 1910, John Johnson akashinda na timu ya mbwa wa aina hiyo hiyo.

Halafu 1925. Dondakoo inaua watoto Nome, dawa iko mbali, ndege haziwezi kuruka. Waendeshaji kama 20 na mbwa wao wakapokezana dawa zaidi ya kilomita 1,000 kwa muda wa chini ya siku 6. Togo, mbwa wa Leonhard Seppala, aliongoza kipande kirefu na hatari kuliko vyote. Balto, aliyeongoza kipande cha mwisho, ndiye alijengewa sanamu New York mwaka huo huo. Kumbe hata wakati huo anayepigwa picha mwisho ndiye anapata sifa. Sisi wa kontenti tunajua hiyo rada.

Kwa hivyo unaponiambia unataka husky wa kulinda boma, manze, unataka kitu ambacho hakipo. Mwizi akiruka ua, husky wangu atamlamba mkono.

Nirudi kwa kosa langu. Niliacha chuo mwaka wa pili. Jike wangu alipozaa watoto 5, baada ya kama siku 63 za mimba, niliona kodi ya nyumba, sikuona mbwa. Mtoto wa mbwa anafaa kukaa na mamake wiki 8 hivi. Mimi niliuza mmoja akiwa na wiki 5, bila chanjo hata moja. Jamaa alimtaka kwa geti. Akamfunga mnyororo mchana kutwa, juani. Wiki 3 baadaye akanipigia simu: anatapika, anahara damu. Daktari wa mifugo akasema ni parvo. Hakufika asubuhi.

Jamaa alitaka pesa yake. Nikamrudishia yote. Lakini macho ya kukhu jioni ile hayakurudishwa na kitu. Alisema tu, "Mlimlaumu mzungu kwa kutumia mbwa. Na nyinyi?"

Tangu siku hiyo jike wangu hazai kila akiingia joto. Watoto hawatoki kabla ya wiki 8 na chanjo ya kwanza. Na hakuna mtu wa kunyoa husky ati anasikia joto: manyoya yake ni tabaka mbili, na yanamkinga jua pia. Anataka kivuli, maji, na kukimbia alfajiri kabla jua halijapanda. Huku kwetu juu kuna ubaridi kidogo. Wewe wa Mombasa, tafadhali, achana na hiyo stori.

Bei? Nitakwambia ukishanijibu matatu: atalala wapi, nani atakimbia naye, na chanjo ya kichaa cha mbwa utamchanja kila mwaka? Kama jibu la la kwanza ni "kwa geti", niko na koko mmoja hapa, mkali, mwaminifu, hana jina la kigeni. Huyo nakupa bure, lakini maswali ni yale yale.