Utafiti binafsi wa historia: Mtwara na mlango wa Ruvuma

Kazi ya mtu asiyetumwa na chuo wala idara, anayechimbua habari za kale za pwani ya kusini mwa Tanzania kwa kutumia vyanzo vya awali: hati, barua, ramani, makaburi na masimulizi ya wazee. Pa kuanzia pazuri ni habari za zamani za Sudi na Lindi, alizozichapisha Carl Velten mjini Berlin mwaka 1907 kwa Kiswahili chenyewe. Zisomwe kwa tahadhari, maana habari za namna hii aghalabu hutetea nasaba na haki ya kutawala, aliyeshindwa hasikiki.

Hati za utawala wa Kijerumani zimegawanyika kati ya Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam, na hifadhi ya Berlin. Kikwazo kikubwa ni mwandiko. Barua nyingi za mkono zimeandikwa kwa Kurrent, mwandiko wa Kijerumani wa zamani, ambao e yake hushabihiana na n, hivyo jina la kijiji huweza kugeuka kabisa; dawa ni kulinganisha na ramani za wakati huo.

Kionga, kusini mwa mlango wa mto Ruvuma, ilitwaliwa na Wajerumani mwaka 1894, kisha na Wareno mwaka 1916. Anayeifuatilia atahitaji pia nyaraka za Lisbon, pamoja na wazee wa ng'ambo zote mbili. Mradi wa karanga wa Waingereza (1947–1951), uliochochea ujenzi wa bandari ya Mtwara, umeacha karatasi tele, ila vibarua wake hawaonekani humo sana.